Rufaa ya Mtoto wa Darasa la Pili

Kila mwaka baridi ikianza kulegea, wilaya nyingi za shule hapa Virginia huwaandikia barua wazazi wa watoto wa darasa la pili. Barua inawashukuru kwa ushirikiano wao, inasema kamati imelipitia faili la mtoto kwa makini, kisha katikati ya aya ya pili inatamka kwamba mtoto hakuchaguliwa kuingia programu ya wenye vipawa. Chini kabisa, karibu na saa za kazi za ofisi, ipo sentensi inayosema mzazi asiyeridhika anaweza kukata rufaa kabla ya tarehe fulani. Wazazi wenzangu wengi wa Afrika Mashariki hawaifikii sentensi hiyo. Wanaoifikia huiona imeandikiwa watu wengine.

Mwaka jana barua hiyo ilikuja kwetu, ikimhusu binti yangu. Tulikata rufaa. Ninaandika kwa ajili ya mama au baba atakayeipata mwaka huu.

Nimekulia Morogoro. Kilakala iko palepale mjini, na Mzumbe ukishika barabara ya Iringa unaipata. Tangu wadogo tulijua kwamba hizo ni shule za vipaji maalumu, sawa na Ilboru, Kibaha, Msalato na zile mbili za Tabora, na kwamba mtoto wa darasa la saba aliyepangiwa huko ameitoa familia yake kimasomaso. Majina yalipotoka ulitafuta lako, na ukilikosa ulirudi nyumbani ukajipange upya. Baraza la Mitihani lina utaratibu wake wa rufaa ya matokeo, lakini mtaani kwetu sikumjua hata mmoja aliyewahi kuutumia. Serikali ikishasema, imesema.

Watu wazima tunasafiri na malezi hayo. Mume wangu alipomaliza kuisoma barua alisema, “Mama, wameshaamua. Tumshukuru Mungu mtoto ana shule, tusiwasumbue watu.” Dada mmoja wa hapa, Mkenya, aliniambia kwa nia njema kabisa kwamba ukigombana na shule mtoto ndiye atakayelipa darasani. Na niliwahi kusikia, zaidi ya mara moja, hofu kwamba kupeleka malalamiko serikalini kunaweza kuchafua makaratasi ya uhamiaji. Hiyo ya mwisho niiondoe mapema. Rufaa ya programu ya shule inaishia shuleni. Tangu mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kamati ya vipawa haina habari na viza yako.

Hakuna sheria ya taifa zima inayozilazimisha shule za Marekani kuwa na programu hizi. Kila jimbo lina lake. Virginia inazitaka wilaya zake ziwatambue watoto wenye vipawa na ziwe na njia ya rufaa; majimbo mengine yanaiachia kila wilaya ifanye ionavyo. Ndiyo maana ushauri wa ndugu yako aliyeko Texas au Minnesota huenda usikufae hata kidogo, na ndiyo maana jambo la kwanza la kutafuta ni waraka wa wilaya yako mwenyewe: ni vigezo gani vinatumika, nani anakaa kwenye kamati, rufaa inapokea nini, na mwisho wake lini. Muda mara nyingi ni wiki chache tu.

La pili, na hili ndilo lililotufungua macho, ni kuomba faili. Ipo sheria ya mwaka 1974 inayojulikana kwa kifupi kama FERPA. Inampa mzazi haki ya kuziona kumbukumbu za mtoto wake shuleni, na shule inatakiwa kumwonyesha ndani ya siku 45. Usingoje siku hizo ziishe, maana rufaa itakuwa imefungwa. Andika barua pepe siku ileile, taja kwamba unakusudia kukata rufaa, omba alama zote za mtihani kwa kila sehemu na fomu ya tathmini ya mwalimu. Kukata rufaa bila kuliona faili ni kubishana na mtu ambaye hujasikia alichosema.

Tulipolipata la kwetu, nililisoma mara moja nikakaa kimya, kisha nikalisoma tena na kalamu mkononi.

Mtihani ulikuwa ule unaoitwa CogAT, ambao wilaya nyingi hutumia. Una sehemu tatu: ya lugha, ya hesabu, na ya mafumbo ya maumbo. Alama hugeuzwa kuwa nafasi kati ya watoto wa umri mmoja nchini. Mtoto aliye kwenye 98 ina maana amewapita watoto 98 katika kila 100. Binti yangu alikuwa kwenye 98 upande wa hesabu na 97 kwenye maumbo. Kwenye lugha alikuwa 71. Zikichanganywa zote, jumla yake haikufika kiwango cha wilaya.

Huyu ni mtoto aliyezaliwa hapa, lakini lugha aliyoanzia kusema ni Kiswahili. Ungo, mwiko na kinu alivijua kabla ya majina yake ya Kiingereza. Alipoingia chekechea aliwekwa kwenye orodha ya watoto wanaojifunza Kiingereza. Sasa, kwa madarasa ya chini mtihani huu ni wa picha karibu wote, isipokuwa kipengele kimoja cha upande wa lugha ambacho mwalimu anamsomea mtoto sentensi kwa sauti. Na watengenezaji wa mtihani wenyewe wameweka njia ya kukokotoa alama ya lugha bila kipengele hicho, kwa ajili ya watoto wa aina hii. Kwenye faili letu alama hiyo haikuwepo. Tuliomba ikokotolewe, ikakokotolewa, na ikapanda. Hakuna aliyekuwa ametufanyia hila. Hakuna tu aliyekuwa ameiomba.

Fomu ya mwalimu ilinigusa zaidi. Ilikuwa na orodha ya tabia: anauliza maswali mengi, anapinga hoja na kutetea yake, anakurupuka na wazo jipya, anaongoza wenzake. Kila moja ilikuwa na alama ya chini. Mahali pa maoni mwalimu aliandika kwamba ni mtoto mtulivu, anafuata maelekezo, huchangia anapoulizwa. Yale yalikuwa maneno ya sifa. Nilijua yametoka wapi, kwa sababu nimeyapanda mwenyewe na bado nayapenda: mkubwa akizungumza humdakii maneno, ukitaka kuuliza unasubiri amalize, huonyeshi watu kwamba unajua. Mtoto amepeleka adabu ya nyumbani shuleni, na fomu ile haikuwa na mahali pa kuiandika.

Kwa hiyo tulirudi nyumbani kutafuta anachofanya asipoulizwa. Hapo tukaliendea daftari la saa.

Bibi yake yuko Morogoro, na Jumamosi ndiyo siku yetu ya kumpigia. Bibi anahesabu saa kama tunavyohesabu sote, kuanzia alfajiri. Mjukuu amefundishwa shuleni saa ya Kizungu. Akawa kila mara anauliza, “Mama, bibi akisema nimpigie saa tisa, huku ni ngapi?” Kisha siku moja akaacha kuuliza. Alikuwa amechukua daftari akachora safu mbili: upande mmoja namba iliyokuwa kwenye saa ya jikoni, upande wa pili saa aliyoitaja bibi. Nane, tisa. Tisa, kumi. Kumi, kumi na moja. Chini akaandika kanuni yake: ongeza moja.

Ukitafakari utaona ni kweli. Majira ya joto Morogoro iko mbele ya Virginia kwa saa saba, na hesabu yetu ya saa iko nyuma ya ile ya Kizungu kwa sita. Saba toa sita ni moja. Alipofika 12 alikwama kidogo, kwa sababu kanuni ilimpa 13 na saa haina 13. Akafuta, akaandika 1, akachora mshale unaozunguka. Hesabu hizo za mzunguko wengi wetu tulikutana nazo tumeshakua, na wengine hatukukutana nazo kabisa.

Mwezi wa Novemba Wamarekani wakarudisha saa zao nyuma, na kanuni ikavunjika. Jikoni nane, bibi anasema saa kumi. Kwa wiki mbili daftari lina alama za kuuliza. Kisha kuna mstari aliouandika kwa Kiswahili chake cha herufi kubwa: WAMESOGEZA HUKU, BIBI HAJASOGEA. BARIDI ONGEZA MBILI. Na pembeni, 8 – 6 = 2. Hakuna aliyemwambia ile sita. Aliitoa mwenyewe, akiwa na miaka saba, kwa sababu alitaka kujua kwa nini simu ya baba inasema tofauti ni saa nane na yeye anahitaji mbili tu.

Shuleni hakuna ambaye angeweza kuliona hilo. Hata daftari lingewekwa mezani kwa mwalimu, bila mtu wa kumweleza kwamba kuna watu mamilioni ambao siku yao inaanza jua linapochomoza, lingebaki safu mbili za namba. Jambo ninalotaka wazazi wenzangu walishike ni hili: kamati huamua kwa kilicho kwenye faili, na faili la mtoto wetu limeandikwa na watu wasioifahamu nusu ya maisha yake. Nusu hiyo ni sisi tulio nayo. Rufaa ndiyo nafasi ya kuileta.

Kupembua kipaji kwa mtihani ni kazi ambayo hata mabingwa wake wamekosea. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwakusanya watoto wa California wenye alama za juu kabisa za akili ili awafuatilie maisha yao yote. Kati ya watoto waliopimwa wakaachwa kwa kutofikia kiwango walikuwamo William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alipata Nobeli ya fizikia mwaka 1956, Alvarez mwaka 1968. Mtoto aliyekataliwa hajageuka kuwa Alvarez kwa kukataliwa, na sisemi wa kwangu ni Alvarez. Ninachosema ni kwamba mstari unaokatwa kwenye namba fulani ni uamuzi wa watu, na anayeuliza umekatwaje hamkosei mtu heshima.

Tuliamua pia apimwe tena, na mwanasaikolojia, ana kwa ana. Mtihani wa akili wa watoto unaotumiwa sana ni WISC. Wastani wake ni 100, na 130 huwaacha nyuma watoto wapatao 98 katika 100. Kwa mtaalamu wa binafsi gharama ni mamia ya dola, na kwetu hizo zilikuwa pesa za kodi ya nyumba. Kliniki za vyuo vikuu zinazofundisha wanasaikolojia hutoza nafuu. Kwanza lakini uliza wilaya kama inaweza kumpima yenyewe, na kama inapokea mtihani wa nje. Ripoti ya WISC ina jambo moja zuri ambalo barua za shule hazina: haitoi namba peke yake, inaizungushia kiwango cha chini na cha juu ambamo uwezo wa kweli wa mtoto huenda umo. Wenyewe waliotunga kipimo wanakiri kwamba alama ya siku moja inayumba.

Barua yenyewe ya rufaa tuliiweka kwenye ukurasa mmoja. Rasimu ya kwanza ya mume wangu, ambaye sasa alikuwa amepata moto kuliko mimi, ilieleza tulivyotoka nyumbani na tulivyojinyima kwa ajili ya watoto. Kila neno lilikuwa la kweli, na tulilitoa lote. Kamati haiombwi huruma. Inaombwa iangalie ushahidi ambao haikuwa nao. Hatukumlaumu mwalimu, wala hatukuandika kwamba mtoto fulani aliyechaguliwa hamfikii wetu. Tulitaja alama ya lugha iliyokokotolewa upya, ripoti ya mwanasaikolojia, na tukaambatanisha kurasa tatu za daftari, kila moja na maelezo mafupi ya Kiingereza: saa ya Kiswahili ni nini, mtoto alikuwa anatafuta nini, alikwama wapi, alijikwamuaje. Pale alipokosea na kufuta tuliacha paonekane. Tulimwomba pia mwalimu wake barua. Aliposoma maelezo ya daftari aliandika yake kwa moyo mmoja, na nina hakika ilisaidia. Alikuwa na darasa zima la kuangalia, tulipomwonyesha, aliona.

Jibu lilikuja shule zikikaribia kufungwa. Walimkubali.

Nilifurahi, na furaha hiyo haikukaa peke yake. Nilijua sisi tulikuwa na nini: Kiingereza cha kutosha kuandika barua, mume anayeweza kuomba ruhusa kazini, pesa ya kukopa kwa dada. Mtoto hakuchaguliwa kwa ajili ya hayo, lakini bila hayo faili lake lingebaki vilevile.

Na ushahidi wa jambo hili upo. Kaunti ya Broward, Florida, ilikuwa ikiwategemea walimu na wazazi wapendekeze watoto wa kupimwa. Mwaka 2005 ikaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili kwa mtihani mfupi usiohitaji lugha. Wachumi David Card na Laura Giuliano waliifuatilia, na waliyochapisha mwaka 2016 yanaumiza kusoma: bila kiwango cha kuingilia kushushwa, watoto maskini, Weusi na wa asili ya Kilatino waliochaguliwa waliongezeka sana. Walikuwepo siku zote. Hakuna aliyekuwa amewataja. Bajeti ilipobana upimaji ule ukasitishwa, na idadi yao ikashuka tena. Mwaka uleule wa 2016, Jason Grissom na Christopher Redding walionyesha kwamba mtoto Mweusi ana nafasi ndogo ya kuingia programu hizi kuliko Mzungu mwenye alama zilezile, na kwamba pengo hilo linapungua mno mwalimu wake akiwa Mweusi. Rufaa inamtoa mtoto mmoja, tena yule mwenye mtu wa kumsemea. Kuwapima wote ndiko kunakowafikia wengine, na kwenye mikutano ya bodi ya shule, ambako mzazi yeyote anaweza kupewa dakika zake za kuzungumza, hilo ndilo ninaloliomba sasa.

Chini ya ghorofa yetu kuna mama mmoja kutoka Kivu ya Kusini. Mwanawe alikuwa darasa la pili mwaka uleule. Barua yake ilikaa kwenye begi la shule mpaka mwezi wa sita, ndipo akaniletea. “Mama, hii karatasi inasema nini? Mimi naona tu jina ya mtoto.” Tarehe ya rufaa ilikuwa imepita. Hakuna aliyempa barua hiyo kwa lugha anayoisoma, ingawa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kama serikali kuu ilivyoieleza kwenye mwongozo wake wa mwaka 2015, ilizitaka shule zinazopokea fedha zake zihakikishe mzazi asiyejua Kiingereza anazipata taarifa muhimu kwa lugha anayoielewa, bila malipo, na bila kumtumia mtoto kuwa mkalimani.

Mtoto huyo ndiye mkalimani wa nyumba nzima. Kibembe anazungumza na bibi yake, Kiswahili na mama, Kiingereza barabarani, na ana miaka minane. Nimemwona akimsomea mama yake fomu ya kliniki, akisimama kwenye neno asilolijua, akiuliza linatumikaje, kisha akalieleza kwa mfano badala ya kuliruka. Wataalamu wa elimu ya vipawa huitaja kazi hiyo kuwa mojawapo ya dalili za kutazama kwa watoto wahamiaji. Kwenye faili lake hakuna mstari hata mmoja unaosema anajua lugha zaidi ya mbili.

Kwenye wilaya yetu mzazi anaweza kumpendekeza mtoto upya akiwa darasa la tatu, na dirisha hilo hufungwa Desemba. Mama yake ameomba fomu kwa jina lake mwenyewe, ameandika kwamba anataka mkalimani wa Kiswahili kikaoni, na shule imekubali. Amenunua daftari anamoandika, kwa tarehe, kila anachomwona mwanawe akifanya. Juzi alinisomea kurasa za mwanzo, na tukachagua pamoja zipi zitafsiriwe.